Mbunge na Waliomtuma

   Kaeni, tuanze somo.

Juma lililopita mzee mmoja darasani aliniuliza hivi: "Mwalimu, mbunge ni mkubwa wetu, au ni mtu tuliyemtuma?" Sikumjibu upesi. Leo nitamjibu kwa habari za watu wawili.

Wa kwanza ni Bwana Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za vita. Aliumia vibaya, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Baada ya vita alikuja Afrika Mashariki, akawa mkulima.

Mwaka 1958 Tanganyika ilianza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu 3: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Lakini si kila mtu aliruhusiwa. Ilibidi awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la 8, au awe na kazi ya cheo fulani. Fikirini, ndugu zangu: wangapi kati yetu wangebaki nje ya mlango?

Bwana Bryceson aliungwa mkono na TANU, akashinda. Mwaka 1959 akawa Waziri wa Migodi na Biashara.

Sasa twende mwaka 1965. Nchi ilikwisha pata uhuru, na kila mtu mzima, msomi na asiye msomi, alikuwa na kura. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Hawakuruhusiwa kuomba kura kwa rangi, kabila wala dini.

Huko Dar es Salaam Bwana Bryceson alishindana na Mwafrika. Wapiga kura wengi walikuwa Waafrika. Je, walimkataa kwa sababu ya rangi yake? La. Walimpa kura nyingi sana, akarudi Bungeni.

Mtu wa pili ni wa kwetu Usukumani, Bwana Paul Bomani. Wakulima wa pamba walimjua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyeongoza vyama vyao vya ushirika. Mwaka 1965 alikuwa Waziri wa Fedha. Akagombea Mwanza, nyumbani kwake. Akashindwa! Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge, akaendelea kuwa waziri. Lakini kiti cha Mwanza kilikwenda kwa mwingine.

Basi mzee wangu, jibu ndilo hilo. Mgeni alipewa kiti, mwenyeji mwenye cheo akanyimwa. Kiti si cha rangi, si cha ukoo, wala si cha waziri. Ni cha waliomtuma. Bwana Bryceson alifanya kazi ya Wizara ya Kilimo kwa miaka mingi. Mwaka 1972 akawekwa kuongoza Hifadhi za Taifa. Alifariki mwaka 1980.

Jambo moja la mwisho. Picha ya jembe ilimsaidia mtu kuweka alama yake. Haikumweleza mbunge alisema nini Bungeni, wala alitimiza ahadi gani. Hayo yameandikwa magazetini. Anayemtuma mtu asiyeweza kumkagua, amemtuma gizani. Kwa hiyo tunasoma.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwaka 1958 ni nani walinyimwa kura, na kwa sababu gani?
2. Alama za jembe na nyumba zilikuwa na faida gani?
3. Je, ilikuwa vyema mtu aliyeshindwa katika uchaguzi kuendelea kuwa waziri? Toeni sababu zenu.