Mtoto Anayehema Hanyonyi: Virusi vya Mapafu na Nishati ya Kichanga



Kichanga wa miezi mitatu akishikwa na bronkiolaitisi, yaani uvimbe wa vijia vyembamba vya hewa mapafuni, sote hukimbilia kutazama kifua. Mbavu zinazama, mabawa ya pua yanacheza. Jioni hii naomba tumtazame mdomo. Mtoto wa umri huo hunyonya huku akipumua kwa pua. Pua ikiziba kamasi na pumzi zikizidi 60 kwa dakika, hapati mwanya wa kumeza. Anavuta kidogo, anaachia ziwa, analia, anasinzia. Baada ya saa chache ana magonjwa mawili: pumzi na njaa.

Na katika njaa hiyo yupo mlaji mwingine. Kirusi hakijitengenezei nishati. RSV, kirusi kinachoongoza kwa kuleta ugonjwa huu, kilichotambuliwa kwanza kwa sokwe huko Marekani mwaka 1956, huiingia seli ya njia ya hewa na kuishurutisha ichome glukosi kwa wingi na kutoa mafuta ya kuundia utando wa virusi vipya. Mitokondria, ambazo kazi yake ni kuizalishia seli nishati, husukumwa kukizunguka kiini, zikadhoofu na kumwaga kemikali zinazoichoma seli yenyewe. Wakati huohuo misuli ya kifua inafanya kazi maradufu na homa inapandisha matumizi. Akiba ya sukari katika ini la kichanga ni ndogo mno kuubeba mzigo huo. Matumizi yamepanda, mapato yamekatika.

Msije mkadhani dawa ni kummiminia maji. Katika ugonjwa huu mwili mara nyingi hutoa homoni ya kuzuia maji yasitoke. Dripu ya maji yenye chumvi kidogo inaweza kuishusha sodiamu ya damu hadi mtoto apate degedege.

Kila kirusi kina alama yake. Kati ya 2011 na 2014, watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto 1,016 waliolazwa kwa bronkiolaitisi katika hospitali 17, wakachukua kamasi zao. (Kitu tunachokipangusa kwa kona ya khanga kina kumbukumbu nyingi kuliko faili la mgonjwa.) Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kamasi za watoto wenye rhinovirusi (kirusi kingine cha ugonjwa huu) zilijaa aina fulani za asidi amino, pamoja na bakteria Haemophilus influenzae, huku zile za RSV zikiwa na mchanganyiko tofauti, pamoja na bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae. Tofauti hiyo ina uzito, kwani wenye rhinovirusi ndio huelekea zaidi kupata pumu baadaye.

Lakini wale ni watoto wa Marekani. Kwetu Afrika Mashariki, shule kubwa ya RSV imekuwa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako utafiti wa kaya za vijijini ulionyesha kwamba mara nyingi kirusi huletwa nyumbani na kaka au dada anayekwenda shule. Hapa Batsinda, jijini Kigali, katika nyumba ndogo walimohamishiwa watu wa mtaa wa Kiyovu ya chini, hakuna wa kumtenga kichanga na nduguye. Na Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Oksijeni inaanza ikiwa pungufu kabla kirusi hakijabisha hodi.

Rwanda ilianza kuchanja dhidi ya pneumokoka, yaani bakteria huyo wa nimonia, mwaka 2009. Kadiri bakteria wanavyopungua, virusi vinabaki mbele: utafiti wa PERCH, uliofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, uliipa RSV takriban asilimia 31 ya nimonia kali kwa watoto wasio na VVU. Amoksisilini haikiui kirusi hiki. Chanjo ya mama mjamzito, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2023, inaweza kumkinga mtoto katika miezi ya mwanzo.

Kwa aliyekwisha kuugua, tiba ni oksijeni na chakula, na mimi nasema vina cheo kimoja. Asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa ya mamaye, apewe kwa mrija wa puani, kidogo kidogo. Kila muuguzi anapoandika kipimo cha oksijeni, aandike pembeni yake mtoto amenyonya lini na kwa muda gani. Nanyi washauri wa afya wa vijiji, mkimkuta kichanga ameliacha ziwa, msisubiri homa: mpelekeni kituoni siku hiyohiyo.