Yule Atanguliaye Katika Theluji



Dominika ya leo tunawaalika mtusindikize kwa fikra hadi nchi ya Japani, kaskazini ya kisiwa chake kikubwa cha Honshu, katika mkoa wa Aomori. Huko iko milima iitwayo Hakkoda. Wengi wetu theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kule Hakkoda theluji huja hadi mlangoni pa mtu. Mahali paitwapo Sukayu, penye chemchemi za maji ya moto, mwezi wa Februari 2013 ilipimwa theluji yenye kina cha sentimita 566. Ni zaidi ya kimo cha watu watatu wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake.

Tulipojaliwa kuizuru nchi hiyo wakati wa baridi, wenyeji wetu walitupeleka kutembea mlimani pamoja na kiongozi wa njia. Kabla ya kuondoka tulifungiwa chini ya viatu vyetu viatu vingine vipana vya theluji. Kazi yake ni kuutawanya uzito wa mwili ili mguu usizame. Wazee wa Japani walivitengeneza kwa kupinda tawi la mti kuwa mfano wa pete na kulikaza kwa kamba, wakaviita kanjiki. Siku hizi vingi ni vya plastiki, na chini vina meno ya chuma.

Kiongozi alitupa amri chache. Tukanyage pale alipokanyaga yeye. Tusiyakaribie mashina ya miti, kwa maana chini ya matawi yake huwa na shimo lililofunikwa na theluji laini, na atakayelikanyaga aweza kuzama mzima. Tusiende mbio hata kutoka jasho, kwa sababu jasho hilo ndilo litakalotugandisha tutakaposimama. Na kila baada ya mwendo kidogo alisimama, akageuka, akatuhesabu.

Tukiri kwamba mwanzoni tuliziona amri hizo kuwa zimezidi. Anga lilikuwa safi. Miti ilikuwa imevikwa barafu na theluji toka juu hadi chini, imesimama kama majitu yaliyonyamaza. Lakini haikupita nusu saa wingu likashuka, na upepo ukavuma. Chini palikuwa peupe, juu peupe. Hatukuweza kutofautisha mteremko na tambarare. Macho yetu yalikuwa wazi wala hayakuona kitu. Tulichobakiwa nacho ni nyayo za yule aliyetangulia, na hizo nazo upepo ulikuwa ukizifukia. Hapo ndipo tulipotambua kuwa haitoshi kufuata nyayo. Yatupasa kumfuata mwenyewe, tena kwa karibu.

Milima hiyo ina kumbukumbu ya huzuni. Tarehe 23 Januari 1902, askari 210 wa jeshi la Japani walitoka Aomori kwa mazoezi ya kuvuka Hakkoda. Yasimuliwa kuwa watu wa kijiji cha chini ya mlima waliwaonya juu ya hali ya hewa, wakajitolea kuwaongoza. Wakubwa wa kikosi wakakataa, wakategemea ramani na dira. Dhoruba ikawakuta, wakazunguka na kuzunguka, ilhali mahali walipokusudia kulala hapakuwa mbali. Walikufa 199. Siku zizo hizo kikosi kingine kidogo, cha watu wasiofika 40, kilitoka Hirosaki na kuivuka milima hiyohiyo kikiongozwa na wanavijiji. Hakufa hata mmoja wao.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Ni kweli mara nyingi. Lakini kuna mahali ambapo anayepotea mara moja hapati nafasi ya pili. Mahali kama hapo, heri mtu akubali kuongozwa.

Wapendwa, Musa mwenyewe aliyajua hayo. Twasoma katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, kwamba watu wa Mungu walipokuwa tayari kuondoka Sinai, wingu la Bwana lilikuwa juu yao. Hata hivyo Musa alimsihi shemeji yake Hobabu, Mmidiani, asiwaache, kwa kuwa yeye alijua mahali pa kupiga kambi jangwani. Neema ya Mungu haikumfanya Musa amdharau mwenyeji. Tena Musa alimwahidi kwamba mema yote ambayo Bwana angewatendea, wao nao wangemshirikisha.

Tuikazie macho ahadi hiyo. Maana habari ya kikosi kile kilichookoka ina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Yaelezwa kwamba wanavijiji saba waliokiongoza katika hatua iliyo ngumu kuliko zote waliachwa huko huko katika theluji, mara askari walipokwisha kuiona njia. Walirudi makwao kwa shida, miili yao ikiwa imeharibiwa na baridi. Kikosi kilipata sifa. Wao walipata majeraha.

Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Alikuwako katekista mmoja mzee aliyetufundisha kufanya ishara ya msalaba tulipokuwa watoto. Alitembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, mvua na jua. Siku ya upadrisho wetu wageni wengi waliketi mbele chini ya turubai. Yeye tulimwona amesimama nyuma, mwishoni kabisa, ameshika kofia mkononi. Hatukutuma mtu amletee kiti. Tulijiambia kwamba tutamtembelea baadaye, na hiyo baadaye haikuja mpaka tulipoitwa kumzika.

Basi tusiwahimize waamini kuwakumbuka makatekista pasipo sisi mapadre kuanza kujipiga kifua. Na ninyi makatekista mnaotusikiliza, msichoke kusimama, kugeuka na kuhesabu walio nyuma yenu. Huenda anga ni safi leo, na watu wakaona mmezidi. Wingu litakaposhuka watawatafuta.

Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyemtangulia katika njia ya imani: mzazi, mwalimu, katekista. Kama yu hai, tumwendee tukiwa na kitu mkononi. Kama amefariki, tumwombee, na tuulize habari za wajane na watoto aliowaacha. Kristo, ambaye ndiye Njia, hamwachi nyuma hata mmoja wa kundi lake. Nasi tusimwache aliyetuongoza kwake.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.