Mfuko wa Kumkumbuka Mwalimu Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mwajua nyote kwamba mwalimu wetu mzee wa shule ya misheni amefariki. Wengi wetu humu ndiye aliyetushika mkono tukaandika herufi ya kwanza. Alikuwa akiwanunulia watoto wa maskini madaftari kwa mshahara wake mwenyewe, wala hakujitangaza. Hata hivyo wengi wetu tuliishia darasa la nane. Akili hatukukosa, tulikosa karo. Kwa hiyo tumeleta shauri: kila mwanachama apendaye atoe shilingi 50 kwa mwezi, tuanzishe mfuko kwa jina lake, usomeshe watoto wa wafanyakazi.

Wengine wamesema, "Shilingi 50 zitafanya nini? Heri tumjengee kaburi la marumaru." Tunawajibu kwa habari ya kweli.

Alikuwako mwanamke jina lake Hilde Back. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika nyumba ya Wayahudi. Serikali ya Hitler ilipowafukuza watoto wa Kiyahudi mashuleni, naye alinyimwa masomo. Akakimbilia Uswidi angali kijana. Wazazi wake waliangamia mikononi mwa Wanazi. Huko Uswidi akawa mwalimu wa watoto wadogo. Tajiri hakuwa. Lakini alipeleka fedha kidogo za karo kwa mtoto mmoja wa Kenya asiyemjua, Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato, Kiambu.

Mtoto yule alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard kule Marekani, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Hakusahau. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto werevu wasio na karo, akaupa jina la Hilde Back, na hali hawajaonana uso kwa uso. Mwaka 2003 mama yule alikuja Kenya, akapokewa kijijini kwa heshima kubwa. Mwaka 2010 habari zao zilitolewa katika sinema iitwayo A Small Act, na watu wa nchi za mbali wakauchangia mfuko ule. Alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 98.

Angalieni, ndugu. Aliyefungiwa mlango wa shule ndiye aliyewafungulia wengine. Hakungoja awe na fedha nyingi.

Sasa tuseme lililo gumu. Tunajua kwa nini wengine wenu mnasita. Zamani tulichanga fedha za msiba, na hesabu yake haikusomwa mpaka leo. Mnayo haki ya kunung'unika. Basi tumeweka masharti. Kwanza, hakuna atakayekatwa mshahara pasipo kutia sahihi yake. Pili, kila mtoaji apewe risiti. Tatu, fedha zikae benki, kwa sahihi za watu watatu. Nne, hesabu isomwe mbele ya mkutano kila miezi mitatu. Tano, mtoto wa mwanakamati asichaguliwe maadamu baba yake au mama yake yuko katika kamati. Sita, fedha zilipwe shuleni, wala zisipitie mkononi mwa mtu.

Tukipata watu 100 wa kutoa, ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Hazitasomesha watoto wote. Mmoja au wawili watakaa darasani badala ya kurudishwa nyumbani. Tuanze na hao.

Kaburi la marumaru litaonekana na wapita njia. Mtoto aliyesoma atakwenda na jina la mwalimu popote aendako.

Bwana Mwenyekiti, tunaomba kura ipigwe leo, na anayekataa aseme sababu yake waziwazi, tusikizane.