Daftari la Hospitali na Askari wa Zamu

Mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa haingii hospitalini peke yake. Huko Arua na Koboko, kama kwingineko Uganda, huja na jamaa waliojaa hofu, na pengine polisi wakafuata nyuma. Sheria ya adhabu ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1950 chini ya Waingereza, inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Jamaa wanalijua jambo hilo. Basi wakiulizwa mapokezini, ni rahisi kwao kusema ilikuwa ajali, naye karani huandika alichoambiwa.

Hasara huanzia hapo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa kila mtu mzima anayekufa kwa kujiua, huenda wengine zaidi ya 20 wamejaribu, na kwamba aliyekwisha kujaribu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwaka 2016 likatoa mwongozo wa kuyaandika majaribio hayo hospitalini: umri, jinsia, mahali, na kama ni mara ya kwanza. Hesabu hii haiwindi jina la mtu. Inatafuta mwenendo: je, mwezi huu wamezidi wa mwezi uliopita, na wanatoka upande gani?

Katika makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, ambayo mengi yako West Nile, hesabu ya namna hiyo ilifanywa. Mwaka 2019 yaliandikwa majaribio 97, na watu 19 wakafa. Idadi hiyo ilikuwa zaidi ya maradufu ya mwaka 2018. Kwa kuwa iliandikwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliweza kupiga mbiu Januari 2020 na kuomba msaada. Lakini mkulima wa Koboko, mchuuzi wa Arua na askari wa mpakani hawamo katika hesabu ya wakimbizi. Wao wana daftari la hospitali tu.

Wenye sare wasidhani jambo hili ni la raia pekee. Jeshi la Israel lilipochunguza takwimu zake liliona kwamba vifo vingi vya askari waliojiua vilitokea mwisho wa juma, wakiwa nyumbani na silaha. Mwaka 2006 likaamuru silaha zibaki kambini, na vifo vikapungua kwa asilimia 40 hivi. Amri yenyewe haikuwa na gharama kubwa. Kilichohitajika kwanza ni takwimu za kweli.

Ghana iliifuta sheria ya namna hii mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka kuwa kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Kubadili sheria si kazi ya koplo. Hata hivyo, maelezo ya polisi yanaweza kungoja ruhusa ya daktari, na Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, kwa raia na kwa askari aliyelemewa. Mgonjwa atangulie huko, pingu zibaki mkandani, na karani aachwe aandike lililotokea.