Uvimbe wa Taya, Bondeni na Juu

Sumbawanga mjini kuna baridi. Kaoze, kule chini bonde la Rukwa, mbu ndio wenyeji. Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt alitoka Kampala kwa gari hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Katika nyanda za juu zenye baridi, uvimbe huo haukuonekana sana. Bondeni kwenye mbu, malaria ya kila mara hudhoofisha kinga, kirusi cha Epstein-Barr kikapata mwanya wa kuleta uvimbe huo. Wapo pia watoto wanaozaliwa na kinga pungufu, wakiugua tangu uchanga. Hatari kwao ni kubwa zaidi. Jino likilegea ovyo, shavu likivimba siku hadi siku, msingoje mavuno yaishe. Uvimbe huu hukua haraka mno, lakini ukiwahiwa, dawa huuyeyusha. Mpelekeni mtoto hospitali.