Kufa Kufaana



Wahenga walisema kufa kufaana. Methali hiyo niliikumbuka mahali nisipopatarajia: Roma. Si ile ya Papa, bali Roma iliyo katikati ya kisiwa cha Gotland, nchini Sweden.

Pale pana jumba kubwa liitwalo Roma Kungsgård, yaani shamba la mfalme, lililojengwa mwaka 1733 liwe makazi ya gavana. Jirani yake yapo magofu ya monasteri ya watawa wa shirika la Sistersiani, iliyoanzishwa mwaka 1164. Nilimwuliza mwenyeji wangu mawe ya jumba yalichimbwa wapi. Akanyoosha kidole kwenye magofu, akacheka.

Watawa wale walikuwa na mali. Hata ng'ambo ya bahari, Estonia, walikuwa na ardhi. Yalipokuja Mageuzi ya Kiprotestanti katika karne ya 16, monasteri ilifungwa, na mali ikatwaliwa na mfalme wa Denmark, aliyekitawala kisiwa wakati huo. Sweden ilikipata mwaka 1645. Gavana alipotaka nyumba, hakukuwa na haja ya kwenda mbali: mawe yaliyochongwa tayari yalikuwa pale pale. Kuta za watawa zikabomolewa, zikawa kuta za gavana.

Lakini kanisa lao lingalipo, halina paa, matao yake yamesimama. Lilinusurikaje? Si kwa heshima, ndugu zangu. Lilifanywa zizi la farasi! Na siku hizi, wakati wa kiangazi, huchezwa humo tamthilia za Shakespeare.

Nilimkumbuka marehemu babu yangu. Jiko lake alilijenga kwa mawe ya ukuta wa kale uliokuwa shambani. Ujanani nilimlaumu kimoyomoyo. Leo nasita. Babu alikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyewahi kumweleza ukuta ule ni wa nani, wala una faida gani ukisimama.

Sisi huweka kibao cha kukataza, tukaenda zetu. Gofu lisilo na kazi kwa majirani zake ni rundo la mawe tu, nao watayachukua. Tuwape sababu ya kulitaka lisimame, hata kama ni ngoma ya jioni moja kwa mwaka.

Jiko la babu nalo limeanguka. Mawe yake, nasikia, yako kwa jirani.