Kuhamia Nyumbani Baada ya Kazi



Sisi makarani twajua sana kuhesabu siku za likizo, lakini siku zitakazokuja baada ya kazi aghalabu hatuzihesabu. Katika Tanzania watumishi wa Serikali walio wengi waweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na wafikapo 60 hawana budi kutoka. Basi mtu hufunga mizigo akarudi kwao, katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake. Nyumba i tayari, bati lang'aa. Wa kuzungumza naye ndiye hayupo.

Wazee wa namna hii tumewaona. Mtu aliyezoea miaka 30 kuamkiwa mlangoni pa ofisi, na jioni kucheza bao na rafiki zake, ghafula akaa peke yake tangu alfajiri. Watu wa rika lake wamekwisha kufa au wamemsahau, na vijana humwona mgeni. Hapati usingizi, chakula hakimpendezi, hasira humjia bila sababu. Jamaa husema, "Ni uzee tu," ama hunong'ona kwamba amerogwa. Huenda ni sononi, nayo ni ugonjwa wenye matibabu, kama ilivyo homa; mgonjwa yapasa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba katika kila watu 100 waliotimiza miaka 60, wapatao 14 wana maradhi ya akili, na kwamba upweke ni katika mambo makubwa yanayoyaleta.

Bao, mabwana, si upuzi wa wavivu. Lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hana budi kukumbuka na kukisia. Lakini faida yake kubwa ni yule aketiye upande wa pili. Atakayehama na atafute baraza kabla ya kutafuta bati. Likizo za miaka ya mwisho akazikae huko, ahudhurie mazishi na arusi, apate kujulikana.

Wala tusiwasahau wake zetu. Bibi mwenye upatu wake, kwaya yake na mashoga zake mjini hung'olewa kama mche, wala haulizwi. Twaona shauri la kuhama liwe la wawili, hata kama jawabu ni kubaki mjini katika vyumba viwili vya kupanga.

Twaomba chama kiandike majina ya wastaafu wetu na mahali walipohamia, na kila tawi lichague mtu wa kuwatembelea kila mwisho wa mwezi, nauli itoke katika mfuko wa chama. Daftari liko mezani kwa Katibu.